Kitundu au Skrini? Kamera Katika Jua la Kaaleng



Juma hili tumeletewa barua na mama mmoja wa Likoni, ambaye mwanawe anasomesha katika shule moja ya Kaaleng, kaskazini mwa Turkana, safari ya vumbi jingi kwa anayetokea Lodwar au Kakuma. Kijana huyo alinunua kamera ya dijitali iliyokwisha kutumika, ile aina yenye lenzi ya kubadilisha na kioo ndani yake, ambayo wenyewe wapigaji picha huiita DSLR. Siku moja kabla ya likizo, mzee mmoja wa hapo Kaaleng alimwomba ampige picha. Mzee ana mtoto wake wa kiume aliye mlinzi Changamwe, nao hawajaonana kwa miaka. Akataka picha ile ifikishwe mkononi mwa mwanawe. Kijana wetu akakubali.

Mama anaendelea kutueleza kwamba mchana wa jua kali mzee alikaa juu ya ekicholong chake, kile kigoda kidogo cha mti ambacho kwa Waturkana mchana ni kiti na usiku ni mto. Kijana akainyosha mikono kama ashikavyo simu, akatazama skrini, akapiga. Alipoiangalia picha, akaiona ni giza tupu. Akaifuta, akinuia kupiga nyingine, na papo hapo betri ikazimika. Asubuhi ya pili akapanda gari la kurudi nyumbani. Alipofika Likoni na kuitia kadi katika kompyuta, akakuta picha za mbuzi na za watoto, zilizopigwa muda ule ule na ambazo nazo alidhani zimeharibika, zimetoka safi. Na mzee, kwa habari zilizofika, amekwisha kuhama na mifugo yake kufuata malisho, na hakuna ajuaye atarejea lini.

Swali la mama ni fupi: je, mwenye kamera ya namna hii yampasa kutazama kwa kile kitundu kilichoko juu, au skrini iliyo mgongoni mwa kamera inatosha?

Kabla hatujalijibu, tuna neno la haraka kwa kijana. Kadi ile iliyokuwa ndani ya kamera siku hiyo itolewe sasa hivi, iwekwe mahali pakavu, wala isipigiwe picha hata moja zaidi. Tunapofuta picha, kamera haiisugui kadi kama ubao wa chuoni. Inalifuta jina la picha katika orodha yake tu, na kupaandika mahali pale kuwa pako wazi. Picha yenyewe hubaki imelala pale mpaka nyingine iandikwe juu yake. Ziko programu za kompyuta zinazoweza kuisoma kadi na kuzirejesha picha za namna hiyo, na mafundi wengi wa kompyuta mjini wanazo. Hatuwezi kuahidi kwamba itapatikana, lakini kwa kuwa betri ilizimika na hakuna kilichopigwa baada yake, matumaini ni makubwa. Picha ile ilikuwa amana, na amana haiachwi kabla ya mlango wa mwisho kubishwa.

Sasa tuingie katika swali.

Kamera ya aina hii ina njia mbili za kutazamia, nazo hazifanyi kazi moja. Tuanze na kitundu. Nuru hutoka kwa kile tunachokipiga, ikapita ndani ya lenzi, ikakutana na kioo kilichoinamishwa nusu ya pembe mraba. Kioo huipeleka juu, kwenye kipande cha kioo chenye ukungu ambapo sura hujichora. Kutoka hapo hupita ndani ya bilauri yenye pande tano, ambayo huigeuza sura isimame wima na kuiweka kulia kulia na kushoto kushoto, ndipo ikafika jichoni. Katika kamera za bei nafuu, mahali pa bilauri hiyo huwekwa vioo vidogo vilivyopangwa kwa umbo lile lile, na ndiyo maana kitundu chao huwa na kiza kidogo zaidi. Tunapobonyeza, kioo huruka juu, nuru huachiwa ifike kwenye kihisi kilichoko nyuma, picha huandikwa, na kioo hurudi mahali pake. Ule mlio tunaousikia, na lile giza la kufumba na kufumbua, ni kioo hicho kinavyokwenda na kurudi.

Skrini ina njia nyingine. Tukiiamuru kamera ituonyeshe mambo kwenye skrini kabla ya kupiga, kioo huinuliwa na kubaki juu. Kitundu huzibika. Nuru huingia moja kwa moja kwenye kihisi, kihisi huitafsiri kuwa umeme, kompyuta ndogo ya kamera huitafsiri kuwa rangi, na skrini hutuonyesha tafsiri hiyo. Katika kamera za kioo, jambo hili si la zamani sana: Olympus E-330 ya mwaka 2006 ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina hii kumwezesha mpigaji kuiongoza picha kwenye skrini wakati wote. Kabla ya hapo, skrini ya DSLR kwa kawaida ilikuwa ya kuangalia kilichokwisha kupigwa na kubadilisha mipangilio.

Wasomaji wetu wanaopenda historia watakumbuka jina la Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri yapata 1040. Katika kitabu chake Kitab al-Manazir alieleza kwamba tunaona kwa sababu nuru huja kutoka kwenye vitu hadi machoni, kinyume na waliodhani kwamba jicho ndilo linalotoa miale. Aliandika pia risala juu ya sura ya jua lililopatwa, linavyojichora likiwa kama mwezi mwandamo baada ya kupita katika tundu jembamba. Kila kamera iliyoko duniani leo, hata ile ya ndani ya simu, inasimama juu ya jambo hilo moja: nuru huja, na sisi tunaifungulia mlango.

Kwa hiyo jibu letu kwa mama, kwa ufupi, ni hili. Kitundu hutuonyesha mtu. Skrini hutuonyesha picha. Anayetaka kumpiga mtu na amtazame mtu, na anayetaka kuikagua picha na aitazame picha. Kijana wetu aliikagua picha wakati wa kumtazama mtu, tena akaikagua mahali ambapo jua halikuruhusu lolote kukaguliwa.

Tulifafanue hilo la jua kwanza, maana ndilo lililoiharibu kazi. Skrini ya kamera inatoa nuru yake yenyewe, na nuru hiyo ni ndogo mno mbele ya jua la saa saba mchana juu ya mchanga mweupe. Jicho lililozoea mwanga wa nje hujifunga mboni yake. Likiteremshwa ghafla kwenye skrini, huona weusi. Skrini nayo humulikwa juu yake, ikarudisha mbingu na kofia ya mpigaji. Picha iliyo sawa huonekana giza. Mtu akiiamini skrini hiyo hufanya moja kati ya makosa mawili: huifuta picha nzuri, au huongeza mwanga mpaka nyuso na mawingu yakawa meupe bila alama yoyote. Kosa la pili halina dawa, kwani sehemu iliyoungua kwa mwanga haina kitu ndani yake cha kurejeshwa.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kivuli. Ukingoni mwa mikondo mikavu ya Turkana husimama miti ya ewoi, ile migunga yenye matawi yaliyotandazwa kama mwavuli. Mtu akae chini yake, asubiri dakika mbili macho yatulie, kisha ndipo aitazame skrini. Dawa ya pili ni ule mchoro mdogo wa vilima ambao kamera huuonyesha pembeni mwa picha, uitwao histogramu. Kushoto kwake ni giza, kulia kwake ni mwanga. Vilima vikisongamana ukutani kushoto, picha ina giza la kweli. Vikigonga ukuta wa kulia, imeungua. Vikitulia katikati, picha ni salama, hata skrini ikisema kinyume. Jua haliwezi kuudanganya mchoro huu, kwa sababu ni hesabu.

Hapa tuwe waadilifu, tuseme pia lililo upungufu wa kitundu. Kitundu hakituambii picha itatoka na mwanga kiasi gani. Kinatuonyesha ulimwengu kama ulivyo, na kamera yaweza kuupima vibaya. Mzee mwenye ngozi nyeusi akiketi mbele ya mchanga unaong'aa, kamera huupima ule mchanga, ikadhani mwanga ni mwingi mno, ikaupunguza. Mchanga ukatoka vizuri na uso wa mzee ukazama gizani. Mwenye kujua huiambia kamera iongeze mwanga kwa kile kifungo chenye alama ya kuongeza na kupunguza, kiasi cha hatua moja, au humsogeza mzee kivulini ambako uso na kilicho nyuma yake vinapata mwanga uliokaribiana. Kisha hupiga picha moja ya majaribio, akaisoma histogramu, akarudi kwenye kitundu. Hivyo ndivyo viwili hivi vinavyosaidiana.

Jambo la pili ni betri, na hapa tutoe tarakimu. Tuchukue mfano wa kamera ya kawaida ya wanaoanza, Canon EOS 1300D iliyotoka mwaka 2016. Kwa maelezo ya mtengenezaji mwenyewe, betri iliyojaa, katika hali ya hewa ya nyuzi 23, hupiga picha kama 500 kwa kutumia kitundu, na kama 180 tu kwa kutumia skrini. Yaani anayepiga kwa skrini hubakiwa na chini ya nusu ya akiba yake. Sababu imekwisha kujieleza hapo juu: kitundu hakitumii umeme kuleta sura, ni nuru na vioo, skrini humlazimisha kihisi, kompyuta na taa vifanye kazi pamoja kila sekunde, hata wakati mpigaji amesimama akimsubiri mzee arekebishe shuka lake. Mjini Mombasa tofauti hiyo ni usumbufu mdogo, mtu huchomeka chaja ukutani. Mahali ambapo chaja ni paneli moja ya sola, na simu za walimu wote ziko kwenye foleni, tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya mzee akose picha ya pili.

Na si betri pekee. Kihisi kinachofanya kazi mfululizo hupata joto, na joto la mchana Lodwar hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Kihisi kikipata joto picha huanza kuingia chembechembe, na baadhi ya kamera huonyesha alama ya hatari na hata kujizima. Anayetumia kitundu huiacha kamera ipumzike baina ya picha na picha.

Jambo la tatu ni utulivu wa mkono. Kamera iliyoshikwa mbele ya kifua kwa mikono iliyonyoshwa husimama juu ya nguzo mbili zinazotikisika, na lenzi huivuta chini. Kamera iliyowekwa jichoni husimama juu ya nguzo tatu: mkono wa kulia umeshika, wa kushoto umeibeba lenzi kwa chini, na uso umeikinga kwa nyuma. Viwiko vikibanwa mbavuni na pumzi ikitolewa polepole, mtu hupiga bila kutikisa. Turkana ni nchi ya upepo. Tofauti hii huonekana wazi kila picha inapokuzwa.

La nne ni kasi ya kulenga. Nyuma ya kile kioo kikubwa kuna kioo kingine kidogo kinachopeleka sehemu ya nuru chini, kwenye kifaa cha kupimia umbali, na kifaa hicho hujua mara moja lenzi izungushwe upande gani na kwa kiasi gani. Kioo kikiinuliwa kwa ajili ya skrini, kifaa hicho hubaki gizani. Kamera nyingi za zamani basi hulenga kwa kubahatisha, lenzi ikienda mbele na kurudi nyuma ikitafuta palipo wazi zaidi. Kwa mzee aliyeketi si neno. Kwa watoto wanaokimbiza mpira, au mbuzi wanaoshuka kisimani, wakati kamera inatafuta jambo limekwisha kupita. Kamera za baadaye, kama vile Canon EOS 70D ya mwaka 2013, zilipata vihisi vinavyoweza kupima umbali vyenyewe, na tatizo likapungua sana. Lakini anayenunua kamera iliyokwisha kutumika aulize kwanza.

Wengine watasema kwamba wanavaa miwani na kitundu huwasumbua. Pembeni mwa kitundu kuna kigurudumu kidogo ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Mtu aizungushe polepole huku akizitazama alama na nambari zilizoandikwa ndani, wala asitazame mandhari, mpaka ziwe kali kama wino. Wenye miwani ya nguvu ya kadiri wataweza hata kuivua. Mara nyingi kamera inayosemwa kuwa ina ukungu haina ugonjwa wowote. Imewekwa kwa jicho la mwenyewe wa kwanza.

Tusidhaniwe kwamba tunaipiga vita skrini. Ziko kazi ambazo bila yake ni taabu tupu. Kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu na kinachopigwa hakiendi popote, skrini ni mwalimu bora, kwa sababu inakuza sehemu ndogo ya sura mara kadhaa, mtu akalenga kwa mkono mpaka nukta ya herufi. Familia nyingi za kwetu Pwani zina misahafu ya kuandikwa kwa mkono, barua za mababu kwa hati ya Kiarabu, na mikataba ya mashamba inayoliwa na mchwa kabatini. Anayetaka kuzipiga picha kabla hazijawa unga na aweke stendi, azime flashi, atumie mwanga wa dirishani, na atazame skrini. Vivyo hivyo anayetaka kupiga kutoka karibu na ardhi, mfano nyayo za ngamia mchangani, si lazima alale kifudifudi. Na mwenye ulemavu wa shingo au mgongo asijilazimishe kuinama. Katika kamera mpya zisizo na kioo, hata kile kitundu ni skrini ndogo iliyofichwa gizani. Betri huliwa kwa njia zote mbili, lakini yale ya jua na utulivu wa mkono hayabadiliki.

Na iko kazi moja ambapo kitundu ni hatari, nayo tunaomba isomwe kwa sauti mbele ya watoto. Kitundu cha kamera ya kioo kisielekezwe kwenye jua kamwe. Lenzi hulikusanya jua kama kile kioo cha kukuza tulichochomea karatasi utotoni, na kitundu huupeleka moto huo ndani ya jicho. Sehemu ya nyuma ya jicho haina hisi ya maumivu. Mtu huungua bila kujua, akaja kulibaini doa jeusi katikati ya macho yake baada ya saa kadhaa, na huenda lisiondoke tena.

Turkana yenyewe ina kumbukumbu ya jambo hili. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli cha mwezi kilitoka Bahari ya Atlantiki, kikapita Gabon, Kongo zote mbili na Uganda, kikafika kaskazini mwa Kenya na Ziwa Turkana jioni, kisha Ethiopia na Somalia. Huko Ziwa Turkana jua lilifunikwa lote kwa sekunde zisizofika 20. Watu walisafiri kutoka nchi za mbali na kamera zao; waliokusanyika Sibiloi, ng'ambo ya mashariki ya ziwa, walivamiwa na vumbi na mawingu wakati ule ule waliousubiri. Nasi tuna tarehe nyingine mbele yetu: tarehe 2 Agosti 2027, insha-Allah, jua litapatwa lote katika ukanda utakaopita Afrika ya Kaskazini, Luxor nchini Misri, na Jeddah na Makkah nchini Saudia. Sisi Kenya tutaliona likiwa limeliwa sehemu tu, na kwa hiyo hakutakuwa na hata dakika moja ambayo ni salama kulitazama kwa macho matupu. Wenye jamaa zao Hijazi wawafikishie neno hili mapema. Atakayepiga picha siku hiyo aweke kichujio maalumu cha jua mbele ya lenzi, si nyuma yake, na atumie skrini. Jicho lake litakuwa mbali na moto. Asiye na kichujio aiweke kamera mkobani. Akitaka kuona, atoboe karatasi kwa pini na aache jua lijichore kivulini, kama alivyolieleza Ibn al-Haytham takriban miaka elfu moja iliyopita.

Limebaki jambo la adabu, ambalo kwetu sisi lina uzito kuliko betri. Mpiga picha mashuhuri Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Tanganyika na kuianzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, alilizunguka Ziwa Turkana akatoa kitabu cha picha, Cradle of Mankind, mwaka 1981. Ndiye ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu. Mwaka 1991 alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, na akarudi kazini akiwa na mkono wa bandia, mpaka mauti yalipomkuta katika ndege iliyotekwa na kuanguka karibu na Visiwa vya Komoro mwezi wa Novemba 1996. Sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya katika zama za filamu. Filamu moja ilikuwa na picha 36, wala hapakuwa na skrini ya kumwambia kama amepata au amekosa. Aliyepiga kwa namna hiyo alilazimika kumtazama mtu vyema kabla ya kubonyeza, kwa kuwa hapakuwa na kufuta.

Yako malalamiko kwamba kamera iliyobandikwa usoni humficha mpigaji, na mwenye kupigwa hubaki akitazamana na jicho la lenzi lisilo na haya. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini dawa yake huja kabla ya kamera. Mtu huanza kwa salamu. "Ejoka" ya Waturkana ni neno jepesi kulijua. Huketi, huulizwa habari, hutaja anachokitaka na picha itakwenda wapi, na huomba idhini. Anayekataa huachwa, awe mzee au mtoto, na mtoto huombewa idhini kwa wazazi wake. Baada ya hayo kamera ikiinuliwa jichoni haimfichi mtu, maana uso wa mwenye kamera umekwisha kujulikana.

Na baada ya kupiga, hapo ndipo skrini inapopata heshima yake kubwa kuliko zote. Kamera igeuzwe, mzee asogezewe kivulini, aonyeshwe sura yake mwenyewe. Aone kama amependeza. Aseme kama anataka nyingine. Mwenye picha ndiye hakimu wake. Lau kijana wetu angalimwonyesha mzee ile picha chini ya mti kabla ya kuifuta, huenda mzee ndiye angaliyemwambia kwamba ni nzuri.

Basi mama amfikishie mwanawe haya kwa mpangilio. Apige kwa kitundu. Azime ile hali ya kutazamia kwa skrini, na apunguze muda wa picha kubaki inawaka baada ya kupigwa. Apige picha mbili au tatu za kila jambo zito. Akague kivulini, kwa histogramu. Asifute chochote mpaka amefika nyumbani mbele ya kompyuta. Kadi ni rahisi kuliko majuto. Awe na betri ya pili, iliyojaa, ndani ya mfuko wa kitambaa mbali na vumbi. Na picha aliyoahidi aichapishe karatasini, nakala mbili: moja ya Changamwe, na moja ya kumsubiri mzee Kaaleng, mvua zitakapomrudisha yeye na mifugo yake.

Juma lijalo, insha-Allah, tutaeleza namna ya kuzihifadhi picha za familia ili kadi moja ikiharibika isiondoke na harusi nzima. Wenye maswali watuletee kama kawaida.

Wabillahi tawfiq.